Bomba la Kiti cha Mnara

Fundi baiskeli wa mtaa ule watu walimwita Kimya, na jina lilimkaa kama shati la kupimiwa. Hakuwa bubu, wala hakuwa na maringo. Alikuwa tu domo zege. Mteja akimuuliza gurudumu limepatwa na nini, alilizungusha, akaonyesha kwa kidole mahali lilipopinda, akaona ameshajibu. Shule aliishia darasa la saba, akaenda kujifunza kazi kwa mjomba wake, na huyo mjomba ndiye aliyekuwa akisema kwa niaba ya wote wawili. Mjomba alipofariki, Kimya alirithi kibanda, misumeno miwili na jiriwa ya kubania vyuma iliyofungwa kwenye meza nzito ya mbao. Mtu wa kumsemea hakumrithi.

Kibanda kilikuwa cha mabati, upande mmoja wazi, kikitazamana na karakana ya mchomeleaji wa mageti. Ndani, spana zilining'inia kwenye ubao, kila moja na msumari wake, kuanzia kubwa hadi ndogo. Gololi zilikaa katika makopo ya maziwa, mipira ya ndani iliyozibwa pancha ilikaa kamba ya juu, isiyozibwa kamba ya chini. Watu walimsifu kwa usafi. Walisema baiskeli ikitoka kwa Kimya unaweza kujitazama kwenye rimu ukachana nywele. Yeye alisikia sifa hizo akainamisha kichwa, lakini zilimwingia, na alizipenda kuliko alivyoonyesha.

Alhamisi moja asubuhi, mjane wa Mnara alifika akiikokota baiskeli ya marehemu mumewe.

Huyo Mnara alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alikuwa mrefu kiasi kwamba wenzake walimtania eti anasoma mita juu ya ukuta bila kufunguliwa geti. Mkewe alimfika kwenye kiwiko. Kwa miaka kumi na moja, kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi, Mnara alileta baiskeli kwa Kimya kwa sevisi, akaketi kwenye benchi hadi adhuhuri akipiga soga kwa ajili ya watu wawili, huku Kimya akifanya kazi na kuchekea puani. Wakawa marafiki kwa mtindo huo, mmoja mdomo, mwingine masikio. Ndiyo maana yule mama alimwita Kimya shemeji, naye akamwita shemeji. Mnara alikuwa ameugua wiki tatu tu, akaondoka, na tangu azikwe ilikuwa imepita miezi minane.

Mjane alieleza haja yake akiwa bado anahema. Amepata kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, ng'ambo ya pili ya mji. Anaanza Jumatatu, na saa kumi na mbili kamili asubuhi anatakiwa awe amevaa aproni, maana mashuka ya usiku hayangoji. Saa hizo magari ya abiria yanakuwa hayajaanza, na kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu. Msimamizi amemwambia waziwazi kwamba wako wanawake wengine sita wanaoitaka nafasi hiyo, atakayechelewa siku ya kwanza asijisumbue kuja siku ya pili. Kupanda baiskeli anajua tangu utotoni. Kinachomshinda ni kiti. Mnara alikuwa amelipandisha bomba la kiti mpaka karibu na mwisho wake, na yeye akipanda, miguu inaelea hewani.

"Nishushie tu, shemeji," alisema. "Nishushie mpaka chini kabisa. Mimi na yeye hatukuwahi kulingana hata kwa kiti."

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kimya alichukua spana, akalegeza bolti ya kibano, akashika kiti kwa mikono miwili, akakizungusha. Hakikuzunguka. Akapanua miguu, akazungusha tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Fremu ikageuka pamoja na kiti kana kwamba vilizaliwa pamoja. Akainama, akatazama pale bomba linapoingia kwenye fremu, akaona pete ya kutu, nyekundu, nene. Hiyo haikuwa kutu ya miezi minane.

Alijua papo hapo. Alijua kabla hajainuka.

Mjomba wake alikuwa na amri moja aliyoirudia hadi ikamchosha: kila kinachoingia ndani ya kingine, kitoe, kifute, kipake grisi, kirudishe. Bomba la kiti, shingo ya usukani, pedeli kwenye mikono ya chuma inayozibeba. Mara nne kwa mwaka, hata kama hakuna kilichoharibika. Kimya alifanya hivyo kwa baiskeli ya Mnara mwaka wa kwanza. Safari moja alilirudisha bomba chini kwa upana wa kidole, na wiki iliyofuata Mnara akarudi akichechemea, akamwambia mbele ya wateja watatu kwamba amemuua magoti. Aliyasema kwa kicheko, na wateja wakacheka. Lakini Kimya aliona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu siku hiyo hakulitoa tena. Alisafisha mnyororo, akakaza breki, akabadilisha nyaya, akapaka gololi grisi mpya, na lile bomba akalifuta kwa nje hadi likameta. Kisha akasema, "Sevisi imekamilika," na Mnara akalipa kama ya sevisi iliyokamilika. Angelizungushia utepe kidogo kuweka alama kabla ya kulitoa, lingerudi palepale. Utepe wenyewe ulikuwa kwenye droo miaka yote hiyo.

"Imekuwaje?" mjane aliuliza.

"Limeganda," alisema Kimya. "Halijatolewa miaka mingi."

Mjane aliinama akaitazama ile kutu. "Miaka mingi? Na hizo sevisi alizokuwa akiniambia?"

Hapo ndipo pa kusema. Kimya aliinamia sanduku la vifaa kutafuta kitu ambacho hakikuwemo. Alipoinuka akasema pengine ni mvua, kwani baiskeli ilikaa kwenye stoo inayovuja. Mjane akajibu kwamba stoo imeingizwa juzi tu, baada ya mazishi. Akamtazama kwa muda, kisha akaitazama baiskeli, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Kimya hakuielewa siku ile. Akasema atapita kesho, akaondoka bila kuaga vizuri.

Alhamisi yote Kimya alilishughulikia bomba. Aliipindua baiskeli, akamimina oili iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa ndani, akaiacha ipenye. Akagonga kibano kwa nyundo ya mbao, taratibu, kuzunguka kote, ili kutu iachie. Kila baada ya nusu saa alijaribu kuzungusha. Wateja wengine walikuja na pancha zao akawaambia warudi Jumanne, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ijumaa akang'oa kiti, akaipindua fremu, akalibana bomba kwenye jiriwa, akaishika fremu nzima kama usukani wa meli, akasukuma. Hiyo ndiyo njia, lakini inataka watu wawili, mmoja kila upande, wavute kwa nguvu sawa, la sivyo fremu inapinda. Yeye alikuwa peke yake. Alisukuma upande mmoja, akakimbilia mwingine, akasukuma, huku jasho likimtiririka puani.

Mchomeleaji alikuwa akimtazama toka ng'ambo, miwani yake myeusi ikiwa kichwani.

"Kimya, unacheza naye dansi au mnapigana?" aliita. "Kama ni dansi, yeye ndiye anayekuongoza."

Kimya alitabasamu kidogo. Mchomeleaji akauliza kama aje kusaidia, ana mkono mzuri na ana moto. Kimya akatikisa kichwa. Alijua yule mtu akija atauliza, na akishauliza atajua, na akishajua mtaa wote utajua kwamba fundi wa rimu za kuchania nywele amekaa miaka kumi bila kutoa bomba la kiti. Akasema kwa sauti ya chini kwamba linakaribia kutoka. Halikuwa linakaribia.

Jioni ile mjane hakupita. Kimya akaenda nyumbani, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaketi kwenye chakula akakichezea. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anafanyia kazi palepale sebuleni, na ulimi wake ulikwenda kasi kama sindano yake. Alimwambia kwamba mjane wa Mnara amekuja mchana.

"Kaleta nguo?" Kimya aliuliza.

"Kaleta balaa. Anaulizia kama wewe uliwahi kuniambia Mnara alikuwa akienda wapi Jumamosi zile. Eti amegundua baiskeli haikuwahi kuletwa kwako. Kumbe mume wake alikuwa anatoka asubuhi anarudi saa saba, sevisi hakuna. Sasa alikuwa kwa nani?" Mkewe alikata uzi kwa meno. "Mimi nimemwambia wanaume warefu hivyo hawajifichi, wangemwona. Hakucheka."

Kimya aliweka kijiko chini. Alitaka kusema. Akaisukuma sahani mbali. Mkewe akamuuliza kama anaumwa tumbo, naye akasema ndiyo, akaenda kulala jua likiwa halijamaliza kuzama. Alilala chali akitazama dari. Kwa mara ya kwanza alielewa ule uso wa Alhamisi. Yeye alikuwa amedhani anaficha kosa la grisi. Kumbe kwa sentensi moja fupi, ile ya halijatolewa miaka mingi, isiyomtaja aliyekosa, alikuwa amemtoa rafiki yake kaburini na kumtupa kwenye nyumba ya mwanamke asiyekuwepo.

Jumamosi mjane alikuja saa tatu. Hakuketi kwenye benchi, na Kimya aliona kwamba hakuketi makusudi. Baiskeli ilikuwa bado juu ya jiriwa, miguu juu kama mbuzi aliyefungwa.

"Shemeji, nakuuliza kitu kimoja, na nakuomba usininyamazie," alisema. "Alikuwa anakuja hapa?"

"Alikuwa anakuja."

"Usimfichie kwa sababu ni rafiki yako. Ameshakufa, siwezi kumgombeza."

"Alikuwa anakuja kila mara. Anakaa hapo kwenye benchi mpaka adhuhuri."

"Basi inagandaje? Baiskeli ya kufanyiwa sevisi miaka yote hiyo, kwa fundi kama wewe, inagandaje?"

Kimya alikuwa na tambara mkononi. Alilikunja mara mbili, akalikunjua.

"Bomba sikulitoa," alisema. "Tangu mwaka wa kwanza. Nilifuta nje tu, ndani sikupaka kitu. Nikamwambia sevisi imekamilika, na haikukamilika. Nilimwambia hivyo kila mara. Si yeye, shemeji. Ni mimi."

Mjane hakupaza sauti. Kimya angependa apaze.

"Alhamisi uliniambia halijatolewa miaka mingi."

"Ndiyo."

"Hukusema nani hakulitoa."

"Sikusema."

"Siku mbili," alisema mjane. "Siku mbili nimepekua mifuko ya makoti yake. Nimemfuata mwenzake wa kazini, mtu mzima na heshima zake, nikamuuliza kama marehemu alikuwa na mwanamke. Jana nimeigeuza picha yake ikatazama ukuta. Na wewe ulikuwa hapa na spana zako, unajua."

Safari hii Kimya hakuinamia sanduku la vifaa. Alisimama akayapokea maneno hayo. Mjane akashika mwamba wa baiskeli, akaangalia pembeni kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, Mnara alikuwa akizungumza nini muda wote huo pale kibandani. Kimya akasema mabomba yanayovuja. Mbwa waliomfukuza, kila mmoja na rangi yake. Akafikiri, akaongeza kwamba alisema mkewe anakoroma, lakini asiambiwe.

Mdomo wa mjane ulitetemeka upande mmoja. Kicheko kilikuwa karibu kumtoka, akakizuia.

"Linatoka au halitoki?" aliuliza.

"Linataka watu wawili. Na moto."

"Na huyo jirani mwenye moto hukumwita kwa nini?"

"Angeniuliza imekuwaje."

Mjane aligeuka akampungia mchomeleaji mkono. Yule bwana akavuka barabara akiburuta mtungi na mpira wake, na kabla hajafika vizuri akauliza alichokuwa akikiuliza moyoni tangu juzi: baiskeli ya Mnara, iliyokuwa ikitunzwa kama yai, imegandaje? Mjane alimtazama Kimya, akangoja.

"Nimeiharibu mimi," alisema Kimya. "Miaka kumi sikulitoa bomba. Nilikuwa nasema nimelitoa."

Mchomeleaji alivuta pumzi, akamtazama, akamtazama mjane. Utani ulimjia, ungeweza kuuona ukipita usoni mwake, akauacha upite. Akashusha miwani. Akauelekeza moto kwenye shingo ya fremu, akiuzungusha bila kuutuliza mahali pamoja, mpaka rangi ikavimba na kufanya malengelenge na oili ya ndani ikaanza kufuka moshi. Akazima. Wakajipanga watatu, mchomeleaji upande mmoja wa fremu, Kimya mwingine, mjane amevua kandambili na kushika nyuma kwa mikono iliyozungushiwa gunia. Kimya akahesabu mpaka tatu, wakavuta.

Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili kitu kilipiga kelele ndani, sauti kali ya kukera meno. Mara ya tatu fremu ikageuka upana wa kucha. Wakarudisha, wakavuta, wakarudisha, kila safari ikisogea zaidi, unga mwekundu ukimwagika juu ya meza, mpaka bomba likabaki kwenye jiriwa peke yake na mjane akajikuta amekaa chini, fremu imemlalia mapajani.

Sehemu iliyokuwa ndani haikuzidi urefu wa kiganja. Kiganja kimoja cha chuma kilicholiwa na kutu. Kimya alikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchomeleaji akarudi kwenye mageti yake. Kimya akazungushia msasa kwenye kijiti, akasugua ndani ya fremu mpaka kidole kikatoka safi. Akachagua kwenye rafu bomba lingine la unene uleule, akalipaka grisi kuanzia chini hadi juu, akaingiza. Liliteleza hadi chini lenyewe, bila sauti. Akafunga kiti juu yake, akamwambia mjane apande, akapima goti lake, akapandisha kidogo, akakaza. Alitoa na pedeli zote mbili akazipaka, na shingo ya usukani akaitoa, nayo ilikuwa imeanza kushika kutu. Mjane alisimama karibu muda wote huo akifuata mikono yake kwa macho.

"Na baiskeli nyingine unazozisevisi?" aliuliza. "Nazo hivyo hivyo?"

Kimya alifikiri kusema si zote. Ilikuwa kweli, si zote.

"Nyingi," alisema. "Nilipoacha kwa moja, nikaanza kuacha na kwa nyingine. Ilikuwa inaokoa muda."

"Na wenyewe wanajua?"

"Hawajui."

Mjane alipanda. Aliyumba hadi kwenye geti la mchomeleaji, akageuka, akarudi amenyooka. Alipofika mbele ya kibanda alishusha mguu mmoja, na mguu ukafika chini. Kimya alikuwa na maneno ya kuomba msamaha, alikuwa ameyapanga wakati wa kusugua. Akayasema, machache, bila kumtazama. Mjane aliyasikiliza yote.

"Baada ya miezi mitatu nitaileta," alisema. "Utalitoa nikiwa nimesimama hapa. Kwaheri, fundi."

Hakusema shemeji. Akaenda zake, mgongo umenyooka, na Kimya akasimama barabarani mpaka akakata kona.

Alifunga kibanda saa saba mchana, siku ya Jumamosi, wakati wateja wengi wanapokuja. Akatia mfukoni spana mbili na utepe, akachukua kopo la grisi na tambara safi. Alianza na mwalimu wa hesabu aliyekaa mtaa wa pili, kwa sababu baiskeli yake aliisevisi wiki mbili tu zilizopita, na kwa sababu mwalimu huyo alikuwa mkali, na akianza na mpole alijua atajihurumia. Mbele ya geti alisimama kiasi cha mtu kumaliza kufunga kamba za viatu. Kisha akabisha.

Mwalimu alifungua akiwa na fulana ya ndani. Alimtazama na kopo lake.

"Kimya? Umenifuata mpaka nyumbani? Kuna msiba?"

"Hapana, mwalimu. Nimekuja kutoa bomba la kiti."

"Si ulilitoa wiki mbili zilizopita?"

"Nilikuambia sevisi imekamilika," alisema Kimya. "Haikukamilika. Sikulitoa. Na mwaka jana sikulitoa."

Mwalimu alimkazia macho kama anavyomkazia mtu ubaoni. Kimya alihisi masikio yakiwaka, akayaacha yawake. Mwishowe mwalimu akageuka, akaenda kuifungua baiskeli kwenye nguzo ya baraza, akaisukuma mpaka mbele yake na kuiegemeza ukutani. Hakuondoka. Alikunja mikono kifuani, akasimama kutazama, na Kimya akapiga goti, akazungushia bomba utepe kuweka alama ya kimo chake, akaanza kulegeza bolti.